Ndoo Tatu Bila Kamba

Zama wanyama walipokuwa na serikali yao, ilikuwa marufuku kujinunulia kitu. Vyote vilinunuliwa na ofisi kuu, eti kubana matumizi. Na ofisi kuu zilikuwa tatu!

Muhanga, mchimba visima, alihitaji kamba moja tu. Ya kisimani ilikatika, na watoto wa swala walikuwa wanalamba matope.

“Kamba ziko kwa Tumbili, mzee,” alisema Nyumbu, mkuu wa ofisi ya kwanza. “Mimi nina ndoo. Chukua.”

“Kamba ni za Korongo,” alisema Tumbili, naye akampa ndoo.

Korongo akampa ndoo ya tatu. “Rudi kwa Nyumbu.”

“Ndoo tatu!” Muhanga alifoka. “Nizishushe kisimani kwa ulimi wangu?”

Korongo alichomeka ombi la Muhanga kwenye rundo la mafaili, rundo lililofungwa kwa kamba mpya kabisa.

Muhanga alipandwa na hasira. Akapita ofisi zote tatu, akafungua kila rundo, akaziunga kamba, akaenda kuwatekea swala maji.

Kesho yake wakubwa wale watatu wakafika kisimani, koo zimewakauka.

“Leteni barua ya maombi,” alisema Muhanga. “Moja tu, ya nyote watatu.”

Hadi leo wanabishana ni ofisi ipi iiandike.