Mzee Hakimbii

Mzee Chenge alitupa fimbo chini, akakunja suruali, akakimbia tena. Aliuvuka uwanja wa nyumba ya kupanga pale Kiseke, kati ya mawe na kamba za nguo, mikono mbele, mdomo wazi. Jirani aliyekuwa akifua aliacha beseni na kushika kiuno. Kwa Wasukuma mzee wa umri ule hakimbii. Akikimbia, ama kuna msiba, ama ng'ombe wameibwa.

"Umeona, mayu?" alimuuliza Winnie akihema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Ndivyo hivyo. Mikono itangulie."

Winnie alikuwa amekaa kizingitini, kishikwambi mapajani. Yeye ndiye mchoraji wa Injili mpya ya picha, ile ambayo kanisa lilitaka vijana waisome kwenye simu, na wavuvi wa visiwani waielewe hata kama shule waliiacha mapema. Humo mitume walivuta nyavu za dagaa, na mwana mpotevu alirudi kwenye mji uliozungushiwa minyaa, kama miji ya huku.

Kurasa za majaribio zilibandikwa makanisani ili watu watoe maoni. Mmoja alilalamika kwamba Petro hana jaketi la kuokolea. Wengine walisifu tu. Mzee Chenge wa Bujora yeye aliubandua ukurasa wa mwana mpotevu ukutani, akaukunja na kuja nao Kiseke kwa Winnie.

"Baba umemsimamisha langoni," alisema siku hiyo ya kwanza. "Imeandikwa alikimbia."

Ilikuwa kweli. Winnie alikuwa amemchora akikimbia, kamati ya kanisa ikaagiza asimame ili kulinda heshima ya wazee. Hilo angeweza kulitetea. Lakini mzee alikuwa na la pili, nalo lilikuwa zito: sura ya baba iwe yake yeye. Kamati ilikwisha kupiga marufuku sura za watu wa kweli, tangu mke wa shemasi mmoja alipojitambua kwenye picha ya kisimani, akiwa yule mwanamke wa waume watano.

Winnie alimkatalia. Mzee akarudi. Akamkatalia tena, akarudi tena, king'ang'anizi kama kupe. Na leo ndiyo ilikuwa siku ya kurasa kwenda kwa wachapaji.

"Mzee wangu, nitafukuzwa kazi."

"Jicho hili limekwisha," alisema Mzee Chenge akiligusa. "Hili lingine nalo daktari ameshasema. Presha ya macho. Kitabu kikitoka bila hiyo picha, sitakuwa na macho ya kusubiri kingine. Nataka nimwone mara moja tu anakimbia. Mara moja, mayu."

Kisha akapiga magoti pale pale vumbini, mbele ya binti wa umri wa wajukuu zake. Winnie aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Inuka mzee, unaniletea laana!"

Hakuinuka. Winnie akachuchumaa ili angalau wawe sawa, akiwaza kwamba mzee naye ana mwana aliyepotea.

"Alienda wapi huyo kijana?"

"Visiwani. Ng'ombe wote wa nyumbani waliuzwa mnadani, fedha zikaishia Ukara na Goziba, kwenye pombe."

"Hata salamu hakutuma?"

"Hata salamu."

Winnie alielewa. Kitabu kingefika kwenye makambi ya wavuvi. Siku moja kijana angekifungua na kukutana na uso wa baba yake ukimkimbilia. Machozi yalimlenga, akaona aibu kwa jinsi alivyomzungusha mtu mzima.

"Majuto ni mjukuu, mzee. Yatafika tu."

"Yalishafika," alisema mzee.

Simu iliita. Alikuwa Obedi, mwenyekiti wa kamati.

"Winnie, wachapaji wanatusubiri. Ukurasa wa baba uko wapi?"

"Naumalizia, mwenyekiti."

"Unamalizia nini? Tulishaupitisha! Usiguse kitu, tuma."

Winnie aliikata simu, akaifunika sakafuni. Kazi kama hii Mwanza haiokotwi barabarani. Hata hivyo alishika kalamu, akamfuta baba aliyesimama langoni na kuanza upya.

Alichora miguu ikikanyaga vumbi, mikono ikitangulia. Akachora mashavu yaliyobonyea, masikio makubwa. Mzee alikuwa amekiinamia kioo, pua karibu ikiguse. Winnie alipofika kwenye kovu refu lililopita juu ya jicho la kushoto, alishikwa mkono.

"Hilo usilitie."

Winnie akatabasamu moyoni. Kumbe hata uzeeni mtu hutaka apendeze.

Mchoro ulipokamilika, mzee aliutazama bila kupepesa. Kisha alisogeza kidole na kukigusa kile kiganja kilichochorwa.

Sasa alibaki kijana, ambaye siku zote hizo alikuwa na sura ya mtu yeyote. Simu ilikuwa ikiita tena. Kama ni kufukuzwa, Winnie aliona heri afukuzwe kwa kazi iliyokamilika.

"Na mwanao je? Una picha yake?"

Mzee Chenge alitoa mfuko wa plastiki kwenye mfuko wa shati, akaufungua taratibu. Winnie alitegemea picha ya pasipoti, ya rangi. Ilikuwa picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, kingo zimeliwa na mende. Kijana mwenye suruali pana chini alisimama mbele ya pazia la studio. Masikio yalikuwa makubwa. Juu ya jicho la kushoto lilipita kovu refu.

"Huyo ndiye umtie kovu," alisema Mzee Chenge. "Baba hakuwahi kupigwa picha, na niliporudi nilikuta kaburi. Ila tangu nizeeke, Bujora nzima wanasema nimechukua sura yake."