Sauti ya Kizimbani

Siku hizi samaki wa vizimba ziwani hufunzwa tangu vifaranga kufuata sauti moja tu, ili mwizi akiwaita wasije. Kizimba cha akina Mugeta bado kinafuata sauti iliyorekodiwa ya mama mkwe wa Nyangeta, aliyezikwa masika iliyopita.

Nyangeta angeweza kuvua samaki hao wote, aina ya ningu, na kuanza upya kwa sauti yake mwenyewe. Shemeji zake wanaamini alifanya hivyo. Lakini yeye alichanganya vifaranga wapya na wale wakubwa, wakajifunza kwa wenzao, maana samaki wanaikimbilia sauti ile na yeye anawahi kurudi jikoni.

Asubuhi hii aliwasha spika, sauti ya marehemu ikaita: "Haya, njooni mle kabla hakijapoa."

Maji yakajaa migongo ya samaki. Nyangeta alichota kwa wavu, akajaza ndoo. Alipogeuka alimwona baba mkwe wake, mzee Mugeta, ambaye kumbukumbu zimeanza kumtoka. Alikuwa amesimama ziwani, maji yakimfika magotini, amevaa shati lake la kanisani.

"Turudi nyumbani, baba."

"Mama yenu ameniita nikale."

"Chakula kiko nyumbani. Nakupikia ningu."

Akamshika mkono, wakarudi. Mezani mzee alinawa, akakitazama kiti kitupu cha mkewe, akangoja. Nyangeta aliinama kumtolea miiba ya samaki, asiweze kumtazama usoni.

"Kesho nitawahi zaidi, mwanangu," mzee alisema. "Huwa nachelewa, ndiyo maana simkuti."