Kiatu cha Mguu wa Kushoto

Kiatu cha mtoto kilitua mezani, kati ya birika la chai na sahani ya biskuti. Cha mguu wa kushoto, cheusi, kimepigwa kiwi kikang'aa.

Kamati ya Uratibu wa Usalama Barabarani ikaacha kutafuna.

Walikuwa wanne, na kuratibu kwao kulikuwa kutupiana mpira. Mkuu wa trafiki alisema matuta ni kazi ya mhandisi. Mhandisi alisema madereva wendawazimu ni kazi ya trafiki. Daktari wa jiji alisema yeye hupokea majeruhi tu, na alilisema hilo kwa majivuno. Mwenyekiti aliwaratibu wote kwa kufunga kikao mapema. Watu wazima na vitambi vyao!

Mwezi uliopita mama huyu aliyekitua kiatu alisimama hapohapo akaomba tuta moja tu, mbele ya shule anakosoma mwanawe, maana magari hupita pale kama yanafukuzwa. Mwenyekiti hakumtazama hata usoni.

"Mama, tuta linawekwa palipokufa mtu. Ndio utaratibu. Pale kafa nani?"

"Bado hajafa mtu."

"Basi rudi akishapatikana."

Alisema hivyo mtu mzima mwenye akili zake, na wenzake wakacheka.

Leo mama amerudi, amejitanda ushungi mweusi, macho mekundu.

"Hiki... cha mwanao?" mwenyekiti aliuliza.

Mama aliitikia kwa kichwa.

"Na cha pili?"

"Kimebaki mguuni."

Mhandisi alijitia kutafuta kalamu. Mkuu wa trafiki hakuuliza ni lini, kwa kuwa akiuliza itambidi aende kuangalia. Daktari hakuuliza ni hospitali gani, akichelea kuambiwa ni yake. Walivyo waoga, hakuna aliyeuliza hata jina la mtoto.

"Pole sana, mama," alisema mwenyekiti kwa ile sauti yake ya misibani. "Lakini na nyinyi wananchi, mngetuambia mapema."

Mama alimkazia macho. Ungedhani atamtemea mate, na angestahili.

"Nataka tuta," alisema.

Lilipitishwa kabla chai haijapoa. Mwenyekiti alipiga simu palepale, akawafokea mafundi watoke na lami sasa hivi, kisha akampigia mpiga picha. Mkuu wa trafiki alikiokota kile kiatu, akamrudishia mama kwa mikono miwili, kichwa kimeinama.

Mama alikifutika kwapani akaenda zake. Alipita mbele ya shule, akasubiri mpaka akaliona lori la lami limesimama, ndipo akashika njia ya nyumbani.

Kabla hajavua ushungi, mlango ulifunguliwa kwa ndani, na mtu akatoka akirukaruka kwa mguu mmoja.

"Mama, leta kiatu changu bwana, nimechelewa shule!"