Maji ya Tatu

Shangazi Mwanahawa aliweka mkasi mezani, kando ya sahani za wageni. "Rasta hizo zinanuka, Subira. Wakwe zako wanafika saa kumi. Nataka uwe umeshanyoa."

Subira aliuacha mkasi palepale. Alibeba beseni hadi uani akalibwaga chini. Alisugua ngozi ya kichwa kwa maji ya ndimu, kisha akakamua rasta mojamoja, kwa nguvu, kama anayenyonga kuku. Maji ya kwanza yalitoka ya kijivu, yenye utelezi.

"Unaona?" Shangazi alisema kutoka mlangoni. "Uchafu huo!"

"Ni mafuta yako haya!" Subira alifoka. "Yale mazito uliyonipaka kwa lazima Ijumaa, eti zing'ae. Mimi sipaki mafuta!"

Akayamwaga, akasuuza tena. Maji ya pili yalikuwa na ukungu kidogo. Kwenye ya tatu, ua lililochorwa chini ya beseni lilionekana lote, hadi majani yake.

Hasira haikushuka. Aliuvuta kutoka kambani mtandio mweupe wa Shangazi, ule wa kupokelea wageni, akakamulia rasta zote juu yake, kisha akamtupia mikononi.

"Haya, Shangazi, tafuta uchafu. Ukiukosa, rudisha mkasi wako kabatini."

Wakwe walipiga hodi mara tatu bila kujibiwa. Walipochungulia uani, walimkuta Shangazi amepiga magoti juani, pua imezama kwenye mtandio uliolowa, bado anatafuta.