Kamera ya Kumkamata Anayekimbia

Picha ya saba nayo ilitoka na kisigino kimoja na nusu ya mlango. Mtoto mwenyewe alikuwa ameshafika barazani.

"Hii haifai," alisema mama, akairudisha kamera mezani kama mtu aliyeuziwa yai viza.

Muuzaji hakubisha. Mtaa mzima ulimwita Jicho. Zamani alikuwa mpiga picha wa mechi na mbio za baiskeli, mpaka macho yalipoanza kumchezea. Siku hizi aliuza kamera zilizotumika na kuchapisha picha za watu, na jina likambakia la kejeli. Ile kamera ya kwanza aliisifia mwenyewe, kwa sababu ilikuwa nyembamba, inang'aa, na ilikuwa imekaa kabatini mwaka mzima bila mnunuzi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mama alikuwa fundi cherehani. Shida yake aliieleza bila kuzunguka: alitaka picha moja ya mtoto wa miaka saba, uso uonekane vizuri, na aliitaka leo. Nyumbani hakukuwa na hata moja ya maana. Simu yake ilitoa ukungu mtupu, na studio mbili zilishanyoosha mikono. Kila alipoketishwa kwenye kigoda, mtoto aliteleza, akakimbilia njiani, akaangalia huku na huku, akarudi, akatoka tena.

Jicho aliuliza picha yenyewe ni ya nini. Mama akajibu kwamba ni ya kuwaonyesha watu. Jicho akajua hao ni wakwe, au baba aliye mbali, na hakutaka kuchimba zaidi.

Akawasha feni ya ukutani. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake: kamera inayoweza kuyatenganisha mapanga ya feni yakizunguka inaweza kumkamata mtoto. Kamera kubwa ya juu kabatini iliyatenganisha yote matatu, lakini mama alipoisikia bei aliangalia chini. Iliyofuata ilionyesha duara jeupe tu. Ya mwisho ilikuwa nzee, rangi imebanduka pembeni, mkanda umeunganishwa kwa uzi wa viatu. Ikawaka mara moja, ikatoa mapanga matatu bila ukungu.

"Hii ni kikongwe, lakini haisinzii," alisema Jicho. "Ukibonyeza, imeshapiga."

Mama hakuuliza bei. Aliinama, akafungua shuka alilokuja nalo, akaweka cherehani juu ya meza. Kilikuwa kimepakwa mafuta, na uzi bado uko kwenye sindano.

Jicho alimuuliza kesho atakula nini. Mama akasema ya kesho wataongea kesho. Mwenye duka alimwona kama amerukwa na akili, na moyo ulimuuma kweli, lakini mkewe alikuwa akimsumbua juu ya cherehani tangu mwaka jana. Akakipokea. Mfanyabiashara ana huruma, ila mke pia anaye.

Wakati huo mtoto alikuwa akivuta ukosi wa gauni lake la njano kama unamkaba.

"Mama, hili si langu."

"Leo livae tu, mwanangu."

Jicho akaanza kumfundisha mama: abonyeze kitufe nusu, kamera ishike umbali, kisha amalizie. Mtoto alipita mbele yao mbio, na mama akaigeuza kamera kumfuata. Ikatoka kisogo. Akajaribu tena, likatoka bega.

"Usimfukuze alipo, mama. Utachelewa kila mara," alisema Jicho. "Jua anakokwenda, umtangulie, umngoje hukohuko."

"Ningejua anakokwenda, nisingekuja kwako."

Jicho alicheka. Mama za watoto watundu aliwazoea, wote walikuwa na ulimi wa namna hiyo.

Picha zikafika thelathini. Mwanga ulianza kuondoka barazani, na mama akaketi kwenye ngazi akalia waziwazi, bila hata kujifunika uso. Alisema amechoka. Alisema hakuna analolifuatilia ambalo hakulikuta limeshapita. Jicho akabaki akifuta lenzi ambayo haikuwa na vumbi.

Kisha mama akainuka. Akaielekeza kamera penye mwanga uliobaki, akabonyeza nusu, akanong'ona Mungu amsamehe. Halafu akaita jina kwa sauti kubwa, kama anavyoitwa mtoto aje kula.

Mtoto alisimama palepale. Akageuka na kuutazama mtaa mzima, upande huu na upande ule, uso umemfunguka kwa furaha ambayo Jicho hakuwa ameiona mchana kutwa. Kamera ikalia mara tano.

Furaha yenyewe haikudumu. Mtoto aliangua kilio, akamrukia mama na kumpiga ngumi za tumbo, na mama akaziacha zimpate.

Jicho hakuelewa kilio hicho, ila picha aliielewa. Kope zilihesabika. Pengo la jino lilionekana. Akakiri kwamba hata yeye, enzi zake, asingeipata hiyo. Mama akaomba nakala mia mbili.

"Ukoo mkubwa huo," alisema Jicho, akakaa kwenye kompyuta. Picha za watoto alizoea kuzizungushia maua na kuziandikia maneno ya heri. Akaweka maua, akauliza aandike nini.

"Maua toa," alisema mama. "Juu andika AMEPOTEA. Chini andika jina lile nililoita. Huyu hapa ni pacha wake."