Matawi ya Paina Kutoka Uchindile

Tekla aliweka tawi la paina juu ya jiwe, akaliponda shina kwa nyundo, akalisimamisha kwenye ndoo. Akachukua jingine. Tangu Evod aingie uani, hakuwa ameinua kichwa.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Glisirini umeileta?"

Evod alimkabidhi mfuko wenye chupa sita. Ni glisirini ile ile ya kupaka mwilini, na mwenye duka alikuwa amemtania kwamba bibi harusi huyo atang'aa mpaka waliopo Mlimba wamwone. Evod alijaribu kucheka, mdomo ukagoma.

Maana Mlimba ndiko alikokuwa Nickolaus, kaka yake na mume wa Tekla, katika chumba cha maiti. Alikuwa mkata miti huko Uchindile. Jumatatu jioni alipakia gunia la matawi kwenye treni, ya kupambia nyumba kwenye harusi ya binti yake. Wakati wa kurudi kambini pikipiki ikateleza kwenye tope. Hakuliona jua la Jumanne. Muuguzi wa Mlimba alipompigia Evod asubuhi hiyo, gunia lenyewe lilikuwa bado halijafika Ifakara.

Baba mkubwa Stanislaus aliwaita wanaume wa ukoo nyuma ya ghala la mpunga, akakata shauri palepale. Tekla na binti yake Angelina wasiambiwe mpaka Jumamosi jioni, bibi harusi akishaondoka. Ndoa ilikwisha kuahirishwa mara mbili, kwanza kwa mafuriko, halafu bwana harusi akafiwa na bibi yake. Wakwe walishasema hakuna mara ya tatu. Na tumbo la Angelina, jamani, lilikuwa limeanza kulisukuma gauni.

"Tukitangaza msiba leo, mtoto huyu atazalia hapa hapa Katindiuka bila mume," alisema mzee. "Evod, wewe ndiye uliye karibu na shemeji yako. Funga mdomo."

Evod akaufunga. Hakulia hata tone. Tangu ile simu alikuwa kama mtu aliyechomwa ganzi ya kung'olea jino, ila hii ilikuwa imeenea mwili mzima. Anakula, hajui amekula nini. Anaitwa, anachelewa kuitika. Kitu kimoja tu ndicho kilichomtisha, nacho ni Tekla kumuuliza habari za mumewe.

Tekla hakuuliza. Alipima kikombe kimoja cha glisirini kwa viwili vya maji ya moto, akakoroga, akamimina ndooni.

"Joto letu hili, ukiyaacha hivi hivi majani yote yanapukutika kwa siku tatu," alisema. "Yakinywa hii yanabaki laini. Yanakuwa kama hayajui kuwa yamekatwa."

"Yatafika Jumamosi?"

"Yatafika hata siku arobaini."

Evod aliitazama ile ndoo mpaka akasahau kwa nini amesimama pale. Hatimaye akaenda kuleta maji mengine, ili mradi mikono iwe na kazi.

Ijumaa walifunga matawi kwenye milango na nguzo za baraza. Harufu ya utomvu ikajaa nyumba nzima. Angelina alikuja na simu mkononi, macho mekundu.

"Baba mdogo, mbona baba hapatikani? Ameahidi atanipeleka kanisani mwenyewe."

"Treni imekwama," Evod alisema. Uongo huo alikuwa ameukariri tangu Jumanne. "Mvua imeharibu njia na mtandao hakuna. Alipiga mara moja tu kwa simu ya mtu. Amesema msimsubiri, nikupeleke mimi."

"Basi tuahirishe! Mimi siolewi baba hayupo!"

Kila mtu akamgeukia Tekla. Yeye alikuwa anafuta vumbi kwenye tawi kwa kitambaa kibichi, jani kwa jani.

"Baba yako amesema usimsubiri," alisema, bila kupandisha sauti. "Umewahi lini kumkatalia baba yako?"

Angelina akaiweka simu chini. Evod alitoka nje, akasimama kwenye tope. Shemeji wa watu, aliwaza, anamtetea marehemu bila kujua. Alijichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Jumamosi ndoa ikafungwa. Evod alimshika Angelina mkono mpaka altareni, akamkabidhi kwa bwana harusi, William, akatabasamu kila alipoelekezewa kamera. Nyumbani wageni waliyasifu mapambo mpaka basi. Wengine walivuta matawi kwa siri kuona kama ni ya plastiki. Tekla alipokea wakwe, akagawa wali, akapiga vigelegele. Muziki wa akina mama ulipowekwa alicheza mpaka kitenge kikamlegea kiunoni, na Evod akashindwa kumtazama.

Saa kumi na moja gari la maharusi liliondoka, honi zikilia. Mzee Stanislaus alimtazama Evod kutoka kwenye kiti chake, akamwashiria kwa kichwa kwamba muda wa kumwambia Tekla umefika.

Miguu haikumpeleka kwa Tekla. Ilimpeleka nyuma ya nyumba, ambako alimpigia yule muuguzi wa Mlimba.

"Dada, kesho alfajiri tunakuja kumchukua marehemu," alisema. "Ila nisaidie, ninyi mmezoea mambo haya. Mkewe bado hajui. Naanzaje kumwambia?"



"Mkewe si ndiye Mama Angelina?" muuguzi aliuliza. "Mbona tulimpigia yeye kwanza, kaka yangu, Jumanne kabla hakujapambazuka? Namba yako ametupa yeye. Akasema tukupigie saa mbili, uwe umeshakunywa chai."