Kona Saba za Kijito

Zamani kijito kilipita kwa kona saba, na kila masika shimo la Ngiri lilijaa maji. Ngiri akakinyoosha, akakijengea kingo za mawe.

"Mzee Ngiri," Chura alilalamika, "maji yanakimbia hivi, nitataga wapi?"

"Nenda ukatage kisimani," Ngiri akacheka.

Masika yalipoanza, alishuka bondeni kumtazama mjukuu. Alimkuta binti yake juu ya kichuguu, matope hadi masikioni, mtoto mgongoni.

"Baba," binti alisema, "maji unayoyafukuza kwako yanakuja kulala kwangu."

Ngiri alirudi, akang'oa mawe yote kwa meno yake, akakirudishia kijito kona zake. Mvua iliyofuata ilimkuta shimoni, maji magotini.

"Mzee, umelowa," Chura alisema.

"Nimelowa," Ngiri akajibu, "ila mjukuu wangu amelala pakavu."